Kabla Hujamuua Mtu, Chagua Mwezi: Namna ya Kuandika Riwaya ya Mauaji kwa Vijana Katika Kipupwe cha Moshi

Vijana wengi wanaoniletea miswada ya riwaya za mauaji huanza na damu. Ukurasa wa kwanza una maiti, wa pili una polisi, na ukifika wa kumi bado hujui kama tukio limetokea Moshi, Mtwara au mahali ambapo mwandishi amepaona kwenye filamu tu. Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba kabla hajamuua mhusika yeyote, achague mwezi. Kwa anayeiweka hadithi yake Moshi na kuiandika kwa ajili ya wasomaji wa umri wa miaka 15 hadi 20, mwezi huo ni Julai.

Julai hukutanisha mambo mawili ambayo mwandishi hahitaji kuyabuni. La kwanza ni kipupwe. La pili ni mitihani ya mwisho wa mwaka, kwa sababu mwaka wa masomo wa vyuo vyetu huanza Oktoba au Novemba na kufikia ukingoni katikati ya baridi. Moshi ni mji mdogo wenye vyuo vingi: kipo Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014 ingawa mizizi yake ni ya mwaka 1963, ipo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na chuo chake cha tiba, kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, na ukipanda kidogo kuelekea mlimani unakikuta Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka. Hata hivyo, usikitumie hata kimoja. Buni chuo chako, kipe jina lako, kiweke Rau au Soweto, kisha uwe huru kukijaza wahadhiri wabaya na wahasibu wezi bila kumchafulia mtu kazi yake.

Mitihani inakupa saa inayohesabu. Wanafunzi wakishamaliza karatasi ya mwisho, kesho yake alfajiri wako kwenye mabasi, wengine wakienda makwao na wengine wakienda kwenye mafunzo kwa vitendo katika mikoa ambayo mpelelezi wako hana nauli ya kufika. Ukimuua marehemu siku kumi kabla ya karatasi hiyo, huna haja ya kumbuni muuaji anayetuma vitisho ili taharuki ipande. Ratiba ya mitihani iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo inatosha, kwa kuwa kila karatasi inayopita inampeleka mshukiwa mmoja karibu na stendi.

Sasa baridi yenyewe. Rasimu yangu ya kwanza, ambayo namshukuru Mungu haikuchapishwa, ilikuwa na theluji iliyoanguka usiku kucha juu ya Double Road hadi nyayo za muuaji zikaonekana asubuhi. Nilimpa dada yangu aisome. Alinirudishia akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: «Theluji hii imeshukaje kutoka Kibo bila kupita Mweka?» Nilikasirika kwa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba alikuwa ameniokoa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mji uko mita 800 na kitu, na theluji huwa inabaki hukohuko juu. Baridi ya Moshi mjini ni ya namna nyingine. Mlima hujifunika kwa wingu siku tatu au nne mfululizo, manyunyu huanza alfajiri na kukatika saa nne, joto la usiku huteremka hadi kwenye nyuzi 16 hivi, na mtu aliyezoea jua la Januari huona kama ameadhibiwa. Jinzi iliyofuliwa Jumatatu huwa bado ina ubichi kwenye mifuko Alhamisi. Madirisha hufungwa, wauza mitumba wa Kiboriloni hutanguliza masweta, na jiko la mkaa huingizwa ndani.

Kila jambo kati ya hayo linaweza kuwa shahidi, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Ukishapanga hadithi yako, ihamishie Januari kichwani mwako, mwezi ambao Moshi ni kukavu na kuna joto, kisha uulize kama fumbo bado linafumbuka. Likifumbuka, maana yake ni kwamba umeipaka hadithi baridi kama rangi ya ukuta, na rangi hiyo hubanduka. Dokezo zuri la riwaya ya kipupwe ni lile ambalo lisingekuwapo kama kusingekuwa na baridi.

Nitaonyesha kwa mfano wa kubuni ambao nimeutumia mara kadhaa kufundishia. Marehemu ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, amepanga chumba kimoja Rau, na amekutwa asubuhi akiwa kitandani, amejifunika blanketi, na kando ya kitanda lipo jiko la mkaa lenye majivu. Hakuna jeraha, hakuna kilichoibwa, mlango umerudishiwa. Kila anayefika anatikisa kichwa na kusema kile kinachosemwa kila mwaka katika mikoa ya baridi, kwamba kijana amelala na jiko. Ni maelezo yenye nguvu kwa sababu ni ya kweli mara nyingi: mkaa unaowaka ndani ya chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Mwandishi anayewaandikia vijana aishie hapo. Asitoe kipimo cha mkaa wala muda, kwanza kwa sababu hadithi haivihitaji, na pili kwa sababu ni busara.

Uzuri wa kifo hiki kwa mwandishi ni kwamba mji mzima uko tayari kukiita ajali, na hivyo mpelelezi wako kijana anakuwa na jambo la kufanya. Katika kifo cha kisu, polisi wanachukua kila kitu na msichana wa miaka 20 anabaki kuchungulia juu ya utepe. Katika kifo ambacho wakubwa wote wamekwisha kukielewa, yeye peke yake ndiye mwenye swali. Mwite Aneth. Alisoma na marehemu, na anajua jambo dogo tu: marehemu alikuwa na mtungi wa gesi na hakuwahi kumiliki jiko la mkaa.

Sasa litazame lile dokezo la msingi kwa karibu. Nyumba nyingi za kupanga zina mstari wa matofali ya matundu juu ya dirisha, yaliyowekwa ili chumba kipumue. Mtu anayesikia baridi akiwa ndani huyaziba matundu kwa ndani, akisimama juu ya kitanda, kwa gazeti au khanga kuukuu. Gazeti hilo hukaa kavu. Lakini gazeti lililosokomezwa kutoka nje, wiki ambayo manyunyu hayakukatika, hulowa. Tofauti kati ya ajali na mauaji, katika riwaya hii, ni unyevu wa gazeti, na ungeiweka Januari gazeti hilo lingekuwa kavu pande zote mbili.

Dokezo la namna hiyo hupotezwa na wanagenzi kwa kulitangaza. Wanaandika kwamba Aneth aliliona gazeti, akashtuka, moyo ukamwenda mbio, na msomaji wa miaka 16, ambaye ni mwerevu kuliko sisi, anafunga kitabu akiwa ameshajua. Dokezo lifichwe katikati ya lalamiko. Hapa Aneth amekwenda kumpa pole mama mwenye nyumba:

«Shikamoo, Mama Aika.»

«Marahaba, mwanangu. Poleni na mtihani huu, na mitihani mingine inawasubiri.»

«Tunashukuru, mama. Samahani, yale matundu ya juu ya dirisha, ni fundi aliyeyaziba?»

«Fundi wapi! Mimi nilimkataza nyumba ilipojengwa. Ni nyie vijana, baridi kidogo tu mnalia kama mmezaliwa Dar es Salaam. Nilikuta limesokomezwa gazeti zima, limelowa chapachapa, nikalitupa na takataka za jana. Na kodi ya mwezi wa nane sijui nitamdai nani, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo msibani.»

Msomaji anabaki na ile kodi. Anamfikiria mama huyu kuwa ana roho ngumu, labda anaanza kumshuku, na neno «limelowa» limepita kama upepo. Sura kumi baadaye, Aneth akijitahidi kukausha daftari lake lililonyeshewa, ndipo linarudi. Kanuni ninayoifuata ni kuliweka dokezo kwenye sentensi ya pili kutoka mwisho, na sentensi ya mwisho iwe na kitu kinachouma zaidi. Angalia pia kwamba gazeti limekwisha kutupwa. Mpelelezi kijana asipewe ushahidi wa kushika mkononi mapema, kwa sababu akiupata atakuwa na wajibu wa kuupeleka kituoni, na hadithi itamtoka mikononi.

Polisi nao wasifanywe wajinga. Ni kosa la uvivu, na kwa Moshi ni kosa la kuchekesha pia, kwa sababu Shule ya Polisi iko palepale na karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kupita humo. Afande katika riwaya yako awe mtu mwenye majalada mengi, mwenye akili, ambaye anahitaji sababu ya kuendelea na shauri ambalo kila mtu ameshalifunga. Uchunguzi wa mwili ufanywe na daktari, sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yachelewe. Hata yakija, yatathibitisha tu kwamba ni hewa ya mkaa iliyoua, jambo ambalo kila mtu alikwisha kulisema. Maabara inajua kilichoua; haijui nani aliyeleta jiko. Aneth naye asisome ripoti hiyo kwa kuiba faili. Asikie nusu yake kutoka kwa rafiki anayesoma udaktari, tena nusu isiyo sahihi.

Sheria uijue kiasi cha kutojiaibisha. Kosa la mauaji halina dhamana Tanzania, kwa hiyo mshukiwa wako akishashtakiwa hawezi kuonekana sura inayofuata akinywa chai na mpelelezi. Wakili mmoja aliwahi kunionyesha kosa hilohilo kwenye mswada wangu, na ilinibidi nizibomoe sura nne. Akifikishwa mahakamani mara ya kwanza, mshtakiwa hatatakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri la mauaji. Maneno hayo tunayasikia kwenye taarifa ya habari kila mara, na ukimya huo wa lazima, kijana amesimama kizimbani akiwa amevaa sweta la chuo na haruhusiwi kusema ndiyo wala hapana, ni tukio zito kuliko hotuba yoyote ya kukiri.

Sababu ya kuua itoke chuoni. Urithi wa mashamba na wivu wa ndoa tumwachie mwandishi wa watu wazima. Julai ni mwezi wa kukabidhi ripoti za utafiti, na katika kila chuo kuna minong'ono ya vijana wanaowaandikia wenzao ripoti hizo kwa malipo. Marehemu wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na flashi yenye ripoti za watu saba, na wiki moja kabla ya kufa alimwambia mtu kwamba amechoka na atakwenda kusema. Papo hapo una washukiwa saba, wote ni watu wa kawaida, na kila mmoja ana mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa kwenye kikoba ili mtoto avae joho. Msomaji wako ataielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa, na pengine atamhurumia muuaji kuliko ulivyokusudia. Mwache amhurumie.

Kuwaleta washukiwa pamoja ni kazi ambayo waandishi wa nchi nyingine huifanya kwa karamu kwenye jumba la kifahari. Sisi tuna msiba. Fungua kundi la WhatsApp la rambirambi, uweke orodha yenye majina na viwango, na utakuwa umemwonyesha msomaji washukiwa wote kwenye ukurasa mmoja: aliyetoa 2,000, aliyetoa 5,000, aliyeahidi na hajatuma, na mmoja aliyetoa 100,000 ilhali wiki iliyopita alikopa nauli. Wote watamtilia shaka huyo wa mwisho. Mpe sababu safi, aione aibu, na umwache Aneth aombe msamaha, maana mpelelezi asiyekosea humchosha msomaji.

Mazishi yawe Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la familia, chini ya migomba, kwa sababu safari ya kupanda huko inakupa udongo. Katika kilomita zisizofika 30 unatoka tambarare za kusini mwa mji, kwenye mashamba ya miwa ambako ni pakavu na kuna vumbi, ukafika kwenye miteremko yenye tope jekundu linalong'ang'ania soli. Mshukiwa anayesema alilala mlimani kwa shangazi yake usiku wa tukio, kisha asubuhi yake akaonekana na viatu vyenye vumbi kavu, amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Usilieleze jambo hili zaidi ya mara moja. Wasomaji wa Moshi watalidaka na wa Dodoma watalielewa baadaye.

Saa pia inaweza kufanya kazi, ingawa mimi hushauri itumike mara moja tu katika maisha ya mwandishi. Ujumbe wa simu unasema «njoo saa 2». Kwetu hiyo ni saa mbili ya usiku au ya asubuhi. Simu inayoandika 02:00 inamaanisha saa nane za usiku. Mwanafunzi mwenzao kutoka nchi jirani, asiyehesabu saa kwa Kiswahili, anatoa ushahidi wa kweli unaosikika kama uongo. Ukiandika tukio la alfajiri, kumbuka kwamba Julai jua la Moshi huchomoza saa 12 na nusu na dakika chache, kwa hiyo shahidi aliyemwona mtu kwa uwazi saa 11:45, tena kwenye ukungu, ana maelezo ya kutoa. Kuhusu simu zisizojulikana ni za nani, riwaya zetu zimepoteza hila hiyo: tangu mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na muuaji anayetumia namba ngeni lazima uwe na maelezo ya kidole cha nani kilisajili. Mara nyingi kitakuwa cha bibi kijijini, na bibi huyo anastahili sura yake.

Dokezo la kumaliza fumbo liwe la bei ndogo. Katika mfano wangu lipo dukani kwa Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka hata wasipokuwa Wachaga, kwenye daftari la madeni lililofungwa kwa mpira na kuning'inizwa karibu na mizani. Lina mistari kama hii: mkate, sabuni nusu mche, vocha ya 1,000, mayai mawili, kisado cha mkaa. Kisado hicho kimeandikwa mbele ya jina la mtu anayekula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni, na ambaye chumba chake hakina hata sufuria. Aneth ameliona daftari hilo sura ya tatu, alipokwenda kulipa deni la marehemu ili familia isidaiwe, na msomaji ameliona pamoja naye. Alichokuwa anakitazama wakati ule ni jumla ya deni, na machozi.

Lugha iwe ya vijana katika mazungumzo na iwe safi katika masimulizi. Wahusika waseme «bumu», «geto», «kudisko», kwa kuwa ndivyo wanavyosema. Msimulizi aseme mkopo, chumba na kufukuzwa masomo. Wakiongea na wakubwa, wabadilike: kijana anayemwambia mwenzake «oya» anapokutana na Afande husema shikamoo na kukosa maneno mengine, na katika ukosefu huo wa maneno kuna hofu ambayo hutahitaji kuitaja. Kuhusu mwili wa marehemu, sentensi mbili zinatosha. Msomaji wa umri huu huguswa zaidi na simu ya marehemu inayoendelea kuita ndani ya begi kuliko na chochote utakachokieleza juu ya uso wake.

Rasimu ikikamilika, wape watu watatu. Mmoja awe anasoma tiba, ili akusahihishe hospitali. Mmoja awe polisi mstaafu au wakili, ili akusahihishe kituo na mahakama. Na wa tatu awe na miaka 17. Huyu wa tatu mpe kurasa zote isipokuwa sura mbili za mwisho, pamoja na bahasha, na umwombe aandike jina la muuaji na ukurasa ambao alimjua. Akikosea kabisa, muulize alikumbuka nini kuhusu gazeti. Kama halikumbuki, umelificha mno, nawe ongeza mstari mmoja kwa Mama Aika. Akipatia na kuandika ukurasa wa sura ya tatu, nenda kwenye daftari la Mangi, uongeze mistari minne ya sukari, mafuta ya taa, kiberiti na chumvi juu ya kile kisado, kisha umtafute mtu mwingine wa miaka 17.